Oili Niliyoibadilisha Bila Kumwambia Baba

Kwenye kile kipindi cha podikasti tulichozungumzia vitu ambavyo wazazi wetu hawataki kuvitupa, nilitaja gari la Baba kwa sentensi mbili hivi, halafu muda ukaisha. Tangu siku hiyo baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza: gari gani hilo, na mbona ulicheka kama mtu mwenye hatia? Haya, leo nawajibu. Ni hadithi ya oili ya giaboksi. Najua, najua. Lakini kaeni kidogo. Mna mafunzo ndani yake kwa yeyote aliyerithi gari la zamani, au anayetarajia kurithi, na mna jambo nililomfanyia Baba ambalo mpaka leo nikilikumbuka natazama chini.

Gari lenyewe ni Porsche 911 SC ya mwaka 1982, rangi ya bluu, linalolala kwenye banda la gari pembeni ya nyumba yetu hapa Stanmore. Baba alilinunua mwaka 1996, wakati 911 za zamani bado zilikuwa na bei ambayo fundi wa mabasi angeweza kuithubutu, na hili lilikuwa rahisi zaidi kwa sababu nusu ya injini ilikuwa ndani ya maboksi. Mama aliuliza, "Hili ndilo gari, au ndiyo vipuri vyake?" Baba akasema vyote viwili.

Baba ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa 1955. Alianza kushika spana akiwa mdogo, kwenye gereji ya mjomba wake. Ukimwuliza kwa nini Porsche, atakuambia Safari. Enzi hizo mashindano ya Safari yalikuwa ya Pasaka, na mji mzima ulikuwa na redio sikioni. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuja na 911 akamaliza wa pili, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Colt Lancer yake. Mwaka 1978 Porsche walirudi na 911 SC mbili zenye mistari ya Martini. Vic Preston Jr., mwana wa Kenya, akamaliza wa pili, na Waldegård wa nne. Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas ndiyo iliyoshinda. Baba anasema aliiona ile ya Preston ikipita kwa macho yake. Mahali alipokuwa amesimama panabadilika kila anaposimulia, lakini vumbi halibadiliki: lilimwingia mdomoni, na hakutema.

Basi 911 SC ikawa ndoto yake. Kamwe 911 haikuwahi kushinda ile Safari ya zamani, na nadhani hilo nalo linampendeza. Baba hapendi vitu vinavyoshinda kirahisi.

Sanduku moja, kazi mbili

Kabla sijafika kwenye dhambi yangu, lazima tuelewane kuhusu oili. Nitaeleza kama alivyonieleza Baba, maana yeye alinieleza mara kumi na mimi nikasikia mara moja.

Kwenye magari mengi ya zamani, kama ile Peugeot 504 au Datsun za wajomba zetu, injini iko mbele, giaboksi iko nyuma ya injini, halafu kuna propela inayopeleka nguvu mpaka kwenye difu, kule kwenye magurudumu ya nyuma. Giaboksi ina oili yake, difu ina oili yake. Kila mtu na chumba chake.

Kwenye 911 injini iko nyuma kabisa, na giaboksi na difu zimekaa pamoja ndani ya bodi moja ya aluminiamu. Muundo huo unaitwa transekseli. Volkswagen Beetle nayo iko hivyohivyo, na Beetle ilishinda Safari mwaka 1954. Mmoja wa wawili waliokuwa ndani yake alikuwa Vic Preston, baba wa yule Preston wa Porsche. Kwa hiyo baba na mwana wote walipambana na Safari wakiwa na giaboksi na difu zilizolala kitanda kimoja.

Sasa tatizo ni hili. Oili ni moja, lakini kazi ni mbili, na kazi hizo zinavutana.

Kazi ya kwanza ni ya difu. Meno yake hubeba nguvu yote ya injini. Kwenye difu nyingi meno hayo hayasukumani tu, yanateleza juu ya mwenzake kwa shinikizo kubwa. Oili tupu ingekamuliwa ikatoka pale katikati, chuma kikagusa chuma. Ndiyo maana oili ya gia hutiwa dawa za salfa na fosforasi, ambazo hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma ili kisiliwe. Ile harufu ya yai viza unayoisikia ukifungua chupa ya oili ya gia ndiyo hiyo salfa.

Kazi ya pili ni ya sinkro. Unapotoa gia ya kwanza ukatia ya pili, kuna ringi ndogo ambayo lazima ikamate gia, isuguane nayo, mpaka zote mbili zizunguke kwa kasi moja. Hapo ndipo gia inaingia bila kelele. Angalia hilo neno: isuguane. Ringi ya sinkro inahitaji msuguano. Oili ikiwa telezi kupita kiasi, ringi inashindwa kukamata, na gia inaingia kabla kasi hazijalingana. Unasikia "krrr". Baba anaita hiyo "kusaga karanga".

Kwa hiyo difu inataka kulindwa, sinkro inataka kushikwa. Oili moja iwatosheleze wote wawili.

Kusoma chupa

Mimi ni mfamasia. Kusoma lebo ndiyo kazi yangu, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Kwenye chupa ya oili ya gia kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni alama ya GL. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya taasisi ya mafuta ya Marekani, API. Watu wengi wanadhani GL-5 ni toleo jipya na bora la GL-4, kama simu. Sivyo. Tofauti kubwa ni dozi ya zile dawa za shinikizo: GL-5 inabeba nyingi zaidi. Na nyinyi mnajua, dozi kubwa si sawa na dawa bora. Inategemea mgonjwa.

Kwenye giaboksi zenye ringi za sinkro za shaba, salfa kali ikipata joto inaweza kuila shaba polepole. GL-5 nyingi za leo zimetengenezwa zisile sana, lakini kama kitabu cha gari lako kinasema GL-4, weka GL-4, usijifanye unajua. Giaboksi ya gari la Baba inaitwa 915, na ringi zake za sinkro ni za chuma kilichopakwa molibdenamu, si za shaba. Ndiyo sababu kitabu chake kinataka GL-5. Mtu akikutisha kuhusu GL-5, mwulize kwanza: giaboksi ipi?

Jambo la pili ni uzito. Chupa inasema 80W-90, au 75W-90. Namba ya mbele, yenye W ya majira ya baridi, inaeleza oili inavyokuwa ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi asubuhi ya Januari. Namba ya nyuma inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Na usizilinganishe na namba za oili ya injini, maana vipimo ni tofauti: oili ya gia ya 75W-90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 10W-40. Mjomba wangu mmoja alipoona "90" alidhani ni lami.

Jambo la tatu ni oili yenyewe imetokana na nini. Kuna ya kawaida, inayosafishwa kutoka mafuta ghafi, na kuna ya sinthetiki, iliyoundwa kiwandani. Sinthetiki inavumilia joto na baridi vizuri sana. Pia huwa telezi zaidi. Kwenye giaboksi ya kisasa iliyoundwa kwa ajili yake, hakuna neno. Kwenye sinkro iliyobuniwa miaka ya 1970, hapo ndipo karanga zinapoanza kusagwa.

Na kama gari lako lina ile difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, kuna oili yake maalumu, au dawa ya kuongeza. La Baba halina, kwa hiyo naishia hapo.

"Umeweka tisini?"

Mei 2023 Baba alifanyiwa upasuaji wa goti la kushoto. Kwa wiki kadhaa akawa mtu wa chumbani, na magongo yake yameegemea ukuta kama wageni wasiotaka kuondoka. Muda wa kubadilisha oili ya giaboksi ulikuwa umefika. Akaniambia nifanye mimi. Nilikuwa nimemsaidia mara nyingi, kumshikia tochi na kumpa spana, lakini peke yangu sikuwahi.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. "Oili ya tisini, mwanangu. Ile ya kawaida. Lita tatu."

Mimi nikaingia kwenye intaneti. Nikaona sinthetiki ya 75W-90, GL-5, karibu pauni 20 kwa lita, na maoni ya watu yamejaa nyota tano. Nikajiambia: Baba amezoea vitu vya zamani. Nimnunulie kizuri. Nilidhani namheshimu.

Nikabadilisha. Kazi ilienda vizuri. Nilipomaliza alifungua dirisha la juu akaniita:

"Umeweka tisini?"

"Ndiyo, Baba."

Si uongo. 75W-90 ina tisini ndani yake. Lakini nilijua anauliza nini, naye alikuwa anauliza kama nimeweka ile ya kawaida, na mimi nikajibu swali jepesi zaidi.

Majira ya joto yalipita. Oktoba Baba akaanza kuendesha tena. Gari halikuwa na tatizo la karatasi: limevuka miaka 40, limesajiliwa kama gari la kihistoria, kodi ya barabara halilipi, na hata ULEZ, iliyotandazwa London yote, Harrow ikiwemo, tarehe 29 Agosti 2023, hailigusi. Hakuna kilichomzuia.

Halafu baridi ikaja, na gia ya pili ikaanza kulia. Kwanza asubuhi tu. Baadaye hata gari likiwa limepata moto. Nilikuwa nimekaa pembeni yake siku moja tukitoka Stanmore Broadway, taa ikawa kijani, akatoa ya kwanza, akatia ya pili: krrr. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Kwa kweli sikuunganisha mambo. Nilidhani ni uzee wa gari.

Februari akaacha kuliendesha. Alisema ni barabara, zina chumvi. Machi akalipeleka gereji moja, fundi akazunguka nalo akasema sinkro ya gia ya pili imekwisha, giaboksi ifunguliwe, bei ni maelfu ya pauni. Hakuuliza ndani mna oili gani, na Baba hakuwa na sababu ya kumwambia. Wiki iliyofuata, tukiwa mezani, Baba akasema kama anayetaja hali ya hewa: kuna mtu anataka kulinunua, atakuja Jumamosi.

Mama akaacha kupakua wali.

Alhamisi usiku

Usiku ule nilishuka kwenye banda la gari. Sikujua natafuta nini. Nilifungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa oili, nikasoma, halafu nikainua macho nikaona zile chupa tatu tupu za sinthetiki kwenye rafu, nilizoziacha mwenyewe. Nikasimama pale nikasoma lebo zile kama ninavyosoma cheti cha daktari, neno kwa neno, ndipo moyo ukashuka.

Nikasoma zaidi. Wenye giaboksi za 915 wanalijua jambo hili miaka mingi: oili telezi mno, na gia ya pili inalalamika. Wanajua pia kwamba kabla ya kuilaumu sinkro, mtu aangalie mambo mawili ya bei nafuu. La kwanza, waya wa klachi: ukilegea, klachi haiachii vizuri hata ukikanyaga mpaka chini. La pili, bushi za kile kiunganishi cha fimbo ya gia, kilichofichwa chini ya kifuniko kati ya viti vya nyuma. Zikiliwa, mkono wako unasema "pili" lakini giaboksi inasikia kitu kingine.

Nilipanda juu. Baba alikuwa bado macho, mguu juu ya kiti, anaangalia taarifa ya habari bila sauti.

Nikamwambia yote. Sinthetiki, nyota tano, dirisha, tisini.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Tangu Mei?"

"Tangu Mei, Baba. Nisamehe."

Akaangalia goti lake. "Mimi nilidhani ni mguu," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akaeleza. Klachi ya 911 si laini. Tangu upasuaji, alikuwa na shaka kama mguu wa kushoto unafika chini kabisa. Gia ilipoanza kulia, alijua sababu: yeye. Ni yeye hakanyagi mpaka mwisho, ni yeye anayesaga giaboksi aliyoitunza miaka 27. Kwa hiyo aliacha kuendesha. Fundi alipomwambia sinkro imekwisha, hakushangaa. Alijiona ndiye aliyeimaliza. Alikuwa anauza gari, si kwa sababu ya pesa za matengenezo, bali kwa sababu alikubali kwamba amezeeka, na hakutaka sisi tumwone akikubali.

Miezi mitano alibeba hilo peke yake, na mimi nilikuwa na jibu kwenye rafu.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikiza. Ungeweka hata mafuta ya nazi, tungeyamwaga. Lakini nilikuuliza."

Jumamosi

Mnunuzi aliambiwa asubiri. Ijumaa nilinunua lita tatu za 80W-90 ya kawaida, GL-5, na nusu ya akiba. Jumamosi asubuhi Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, blanketi magotini, chai mkononi, na tukaifanya kazi pamoja. Naiandika hapa kwa utaratibu, kwa sababu mtu fulani kati yenu ataihitaji.

Kwanza, zunguka na gari dakika 15 au 20. Oili ya moto inatoka na uchafu wake. Ya baridi inauacha chini.

Pili, inua gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi nne, lilale sawasawa. Sawasawa ni muhimu, kwa sababu kipimo cha oili ni tundu lenyewe la kujazia. Gari likiinama, kipimo kinadanganya. Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano. Baba anamjua mtu, na hasimulii zaidi ya hapo.

Tatu, na hili ndilo wengi wanalikosea: fungua kizibo cha kujazia kwanza, kabla ya kile cha kumwagia. Kwenye gari hili vyote viwili vinataka alenki ya milimita 17, ile ya pembe sita. Vizibo vya miaka mingi hugoma. Ukimwaga oili kwanza, halafu kizibo cha kujazia kikagoma, una giaboksi kavu na huna njia ya kuijaza. Gari halitoki hapo.

Nne, fungua kizibo cha chini, weka beseni, ondoa mkono haraka. Oili yangu ya mwaka jana ilitoka safi kama asali ya dukani. Baba akaitazama ikishuka akasema, "Oili nzuri hii." Kisha akaongeza, "Nzuri kwa mwingine."

Tano, angalia sumaku ya kizibo cha chini. Unga mwororo wa kijivu, kama masizi, ni kawaida, ni umri. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine, hapo unahitaji fundi. Baba aliniomba kizibo, akasugua ule unga kati ya vidole viwili, macho yamefumba. Ulikuwa unga tu. Niliona mabega yake yakishuka.

Sita, safisha, rudisha kizibo cha chini, kaza kwa kipimo cha kitabu. Bodi ni ya aluminiamu. Ukikaza kwa hasira unaharibu nyuzi. Kisha jaza kwa pampu ya mkono na mpira, polepole, mpaka oili ianze kuchungulia kwenye tundu. Subiri itulie. Ongeza kidogo. Ikichungulia tena, funga. Ilimeza lita tatu, kama alivyosema.

Tulikaza pia waya wa klachi, na bushi mbili tulizozikuta zimekuwa kama biskuti tulibadilisha wiki iliyofuata.

Oili ya zamani ilirudi kwenye chupa zilezile, nikaipeleka kwenye kituo cha taka cha Harrow. Msimwage kwenye mtaro, tafadhali. Ni kosa kisheria, na mto haujawafanyia kitu.

Brockley Hill

Jumapili aliniambia niendeshe. Nikakataa, nikampa ufunguo. Akasema goti. Nikamwambia Waldegård alirudi Kenya mwaka 2011 kwenye Safari Classic, na 911, akiwa na miaka 68, akashinda. Aliyekaa pembeni yake kumsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Wewe una 68. Mimi nitakaa pembeni.

"Yule hakufanyiwa goti," akasema, lakini alikuwa ameshauchukua ufunguo.

Tulitoka kwenye London Road, tukapita stesheni ya Stanmore, mwisho wa laini ya Jubilee, tukazunguka Canons Corner, tukaanza kupanda Brockley Hill. Mlima ule haukupi nafasi ya kujidanganya: lazima ubadili gia. Akatoa ya kwanza. Mguu wa kushoto ukaenda chini, wote, mpaka mwisho. Niliuangalia mimi mwenyewe. Akatia ya pili.

Kimya.

Sitawadanganya: haijawa mpya. Asubuhi yenye baridi kali bado inanung'unika kidogo, na Baba huipitia taratibu, anaipa muda, kama anavyompa muda mtu anayetafuta neno. Sinkro zina umri. Siku moja giaboksi itafunguliwa. Lakini si mwaka huu, na si kwa sababu ya mguu wa mtu.

Mnunuzi alipiga simu tena. Baba akamwambia gari lina mwenyewe.

Sasa ombi langu kwenu. Kama kuna gari, cherehani, redio au jenereta ya mzazi unayoitunza, usiibadilishie kitu kimyakimya, hata kama unadhani unaiboresha. Mwambie. Mkibishana, bishaneni. Na akikuuliza kitu kutoka dirishani, jibu swali alilouliza. Mimi, juu ya chupa ya oili kwenye rafu yetu, nimebandika karatasi niliyoiandika kwa kalamu nzito: 80W-90, GL-5, ya kawaida, lita tatu. Chini yake Baba ameongeza kwa mkono wake: "Tisini."